Tiketi Iliyosalia

Miaka kumi na tisa nimewaleta watu mlangoni pa pango hili
na sijawahi kuvuka kizingiti.
Kazi yangu usukani. Nawashusha, nahesabu vichwa,
nalitafutia gari kivuli,
navua viatu, nalala.
Mto Vezere naujua kona kwa kona.
Ndani ya mlima sikuwa na biashara.

Leo mgeni mmoja, mzee wa Ubelgiji, kachafukwa tumbo
kona ya tatu baada ya daraja.
Kabaki kwenye siti na mfuko wa karatasi.
Maïlys, anayewaongoza, akanipungia tiketi:
“Firmin, imeshalipiwa. Utaiacha ioze?”
Mimi mtoto wa mkulima.
Kilicholipiwa hakiachwi kikaoza.

Ndani, baridi ya pishini,
baridi isiyojua kwamba huko juu ni Julai.
Taa moja. Sisi kumi na wawili, kila mmoja akifuata kisogo cha mwenzake.
Nilitarajia picha. Nikaona ukuta tu,
umevimba hapa, umebonyea pale,
hadi Maïlys alipoishusha taa ubavuni
na uvimbe ukawa tumbo la farasi.
Hakulichora lile tumbo. Alilikuta.
Akaongeza mgongo, shingo, miguu ya mbele,
ya nyuma akaiacha.
Labda mafuta ya taa yalimwishia.
Labda aliitwa kula.

Nilitaka kucheka, wala si kwa dharau.
Ndivyo baba alivyochagua gogo la kuchongea viatu:
kwanza kulipapasa,
kisha kuliuliza linataka kuwa mguu wa nani.

Mbele zaidi, dari ya udongo laini,
na juu yake michirizi mitatu ya vidole,
myembamba, ya mtoto.
“Pimeni,” alisema Maïlys. “Nani kati yenu atafika?”
Hata Mholanzi yule mrefu hakufika.
Basi mtoto alibebwa.
Mtu alisimama hapa, gizani, shingo ikimuuma,
akisema haya, fanya upesi, yatosha, shuka.
Au hakusema yatosha.

Saa sita tulikuwa mjini,
mji wa kuta nene na mapaa ya mawe,
ngazi zimelika katikati kama sabuni.
Wageni wakatawanyika, simu zimeelekezwa minarani,
wakalipia ini la bata bukini bei ya kupiga yowe.
Mimi hupitia uani, kwa Odile.
Supu ya kitunguu saumu, yai limekorogewa humo, mkate mkavu chini.
Viazi vya mafuta ya bata, kingo zinalia mdomoni.
Supu ikibaki kina cha kidole, namimina mvinyo mwekundu,
nalizungusha bakuli, nalinyanyua kwa mikono miwili,
nakunywa kama walivyokunywa wote waliolala nyuma ya kanisa letu.
Odile akavunja jozi, akanipa nusu.
“Mbona kimya? Wamekupunja?”
Nikasema supu ni ya moto.

Nilirudi garini kwa njia ndefu, kupitia lango la kusini,
lile la upinde, walilojenga watu waliowaogopa Waingereza.
Clémence alikuwa na miaka minne nilipompitisha hapo mabegani.
Kila mara alidai tusimame, aguse jiwe la kati.
Kila mara nilimwambia upesi, gari nimeliegesha vibaya.
Sasa yuko Lille, ana ofisi yenye lifti,
hupiga simu Jumapili zile anazozikumbuka.
Nilinyoosha mkono. Nikasimama kwa ncha za vidole vya miguu.
Lilibaki pengo la kiganja, au zaidi kidogo.
Mwanamke mwenye kapu la vitunguu akanizunguka
bila kuuliza.

Jioni mzee wa Ubelgiji amerudiwa na rangi,
anatafuna keki ya jozi, ananigusa bega:
“Wewe uliyeingia badala yangu, kuna nini mle?”
Nikawasha injini. Nikahesabu vichwa. Kumi na viwili.
“Giza,” nikamwambia.
“Na farasi asiye na miguu ya nyuma.”